Msamaha wa Neeltje wa Zamani

Houtwijk, kando ya Mto wa Kaskazini
Jumapili alasiri, Aprili 1794

Kaka yangu mpenzi Wessel,

Nakuamkia kwa heshima, na kwa hamu ambayo bahari yote iliyo kati yetu haijaizima. Kabla sijakuuliza hali, acha nikwambie kwamba ndani ya barua hii mna neno ambalo sijamwambia mtu: si Mama, si mchungaji, wala Mungu kwa sauti. Nimelitaja mapema ili nisije nikaogopa njiani nikakujazia karatasi kwa habari za ng'ombe. Unanijua. Mimi ndiye yule ambaye akiulizwa jambo mezani hujibu huku akikitazama kibakuli cha chumvi.

Basi, hujambo kaka? Kifua chako kimeiweza baridi ya Amsterdam? Mama anauliza kama zile soksi za sufu unazivaa au umeziweka sandukuni zikae kama mahari, na kama hao jamaa unaokaa kwao wanakupikia chakula cha maana, au ni jibini na maneno tu. Sisi huku hatujambo, tukiliacha pengo. Barafu ya mto imepasuka kwa ule mlio wake wa mizinga, mabonge meupe yanateremka polepole mbele ya nyumba kama kondoo waliolala, na mashua ya kwanza itashuka New York wiki hii. Ndiyo itakayobeba barua hii. Watu wote wamekwenda kanisani kwa ibada ya pili. Mimi nimesema kichwa kinaniuma, na kweli kinaniuma, kwa hiyo huo bado si uongo.

Pengo unalijua. Baba alikuandikia kwamba Bibi Volkje ametutoka, lakini alikuandikia kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Baba ni mawe yaliyopangwa. Siku hizi hata kulia analia kwa Kiingereza. Mimi nakuandikia kwa Kiholanzi chetu, kile alichotufundisha Bibi kwa mkono mmoja wa maandazi na mwingine wa mwiko. Alifariki mwezi wa Februari, theluji ikiwa imefika kwenye nusu ya chini ya mlango. Tulimvika sanda aliyojishonea mwenyewe akiwa mwari, ile iliyokaa miaka yote kwenye kabati kubwa pamoja na mashuka ya harusi. Ilimpwaya. Mama alisema Bibi alikuwa mnene siku anaishona, na alicheka, halafu akalia, halafu akaniambia niache kusimama kama mshumaa, nikalete pini.

Teunis, yule mtumishi wa kanisa anayetangaza vifo, alipita nyumba kwa nyumba na kofia yake yenye utepe mrefu mweusi kualika watu mazishini, na unajua anavyolipenda jambo hilo. Wanasema kwa akina Staats alieleza kifo cha Bibi vizuri mno mpaka wakamwongezea kikombe, naye akakieleza tena. Wanaume walikwenda makaburini. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kama ilivyo ada, na vikombe, na moshi wa viko, na zile keki za maziko zenye herufi za jina lake. Ninayo moja hapa. Siwezi kuila wala kuitupa.

Baada ya hapo wosia ukasomwa, na ndipo nyumba yetu ilipogeuka. Bibi ameandika kwamba Dien, mtumwa wake, awe huru tangu siku ya kifo chake, yeye na kizazi chake, wala asidaiwe na mtu wa jina letu. Nchi nzima ya huku inalizungumza. Mchungaji alilisema mimbarani. Kuna wanaosema Bibi alitokewa na malaika, na kuna wanaosema alitokewa na uzee.

Baba mdogo Filip ni mmoja wa hawa wa pili. Amekuja kutoka New York na mkewe, na amepinga wosia. Anasema mama yake hakuwa na akili timamu. Kesho asubuhi hakimu wa mirathi anakuja hapa nyumbani, atakaa kwenye kiti cha Baba, na shahidi ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyekaa na Bibi kila alasiri majira yote ya baridi. Wosia ukivunjwa, mali itagawanywa, na Dien ataangukia fungu la Baba mdogo. Ameshasema atampeleka Savannah, mbali kusini, kwenye mashamba ya shemeji yake. Anasema kule kuna joto, Dien atapapenda.

Sasa ngoja nikupe na habari ya asili ya ukoo wetu, ambayo Baba alikutuma kuitafuta, maana inaingia humu. Ulituandikia kwamba umefungua vitabu vya makanisa manne huko Amsterdam na hukumwona Van Houtwijk hata mmoja mwenye upanga. Baba alisikitika siku mbili. Nilimsomea Bibi barua yako, naye alicheka mpaka kofia yake ya kulalia ikamfunika macho. Akasema kijana amesafirishwa bahari nzima kutafuta kitu ambacho angeulizwa yeye angejibu kitandani. Akasema Jurriaen, yule wa kwanza, alikuwa fundi mapipa aliyekimbia mke mkali. Alishuka kwenye mto huu na nyundo yake na shati moja, akakuta watu wanatajirika kwa ngozi za biva, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa, akaacha mapipa. Lile pande la kioo dirishani kanisani, lenye simba ambaye Baba anataka achongwe juu ya mlango, nalo lina habari yake. Mwana wa Jurriaen alimwagiza fundi vioo amchoree biva, mnyama aliyewalisha. Fundi alikuwa hajapata kumwona biva, na kuchora simba alikuwa keshajifunza. Kwa hiyo alichora simba, akampa mkia bapa, akadai malipo. Kila Jumapili tunamsujudia Mungu mbele ya simba mwenye mkia kama kijiko, kaka, na Baba hupandisha kidevu akipita chini yake.

Hivyo ndivyo nilivyoipata historia ya ukoo wetu, alasiri baada ya alasiri. Nje theluji ilianguka bila haraka, ndani mwanga ulikuwa mweupe kama wa ndani ya yai, na vigae vya buluu vya mekoni vyenye picha za Yona na nyangumi wake, Tobia na mbwa wake, vilionekana kutembea moto ulipocheza. Dien alikuwa akija kuchochea kuni na kumlisha Bibi uji wa mahindi na maziwa. Mimi nilisoma Biblia kubwa, Bibi akasinzia, akaamka, akaendelea na hadithi mahali ambapo hakuwa ameiacha.

Siku moja baada ya Mwaka Mpya aliamka, akanitazama kwa furaha ambayo sijapata kuiona usoni mwa mtu mzima, akaniambia, "Neel, rudishia nusu ya juu ya mlango. Baba atatusikia."

Baba yake amekufa tangu enzi za mfalme, Mama hajazaliwa.

Wewe unajua jinsi sisi tunavyofanya na majina. Kwetu jina halizikwi. Bibi alikuwa na dada yake, Neeltje, aliyekufa na miaka kumi na sita. Baba alipopata binti wa kwanza akampa jina hilo. Ugonjwa wa koo ukamuua kabla hajaota meno yote. Akaja wa pili, akapewa lile lile, kama kanzu ya mkubwa inavyopewa mdogo, naye akaenda. Kisha nikaja mimi. Wewe uliwahi kuniambia nisilifikirie sana, lakini mtu mwenye haya hufikiria sana, ndiyo kazi yake. Tangu utotoni nimekuwa nikiitwa na kuhisi kwamba nyuma yangu wamesimama wengine watatu, na kwamba nikichelewa kuitika mmoja wao ataitika.

Basi sikumsahihisha. Nilirudishia mlango wa juu. Kwanza nilifanya kwa huruma, na kwa uvivu wa ulimi wangu. Kumwambia mgonjwa "Bibi, mimi siye" kunahitaji ujasiri. Kisha, Mungu anisamehe, nikaanza kuzipenda zile alasiri. Aliniambia siri za wavulana waliokwisha kuwa mavumbi. Alinicheka nilivyocheza dansi sikukuu ya Pentekoste. Mimi ambaye sijawahi kucheza mbele ya mtu, nilikuwa mchezaji! Neeltje wa zamani alikuwa na mdomo, kaka. Alikuwa akijibu wachungaji. Nikajikuta nami namjibu Bibi kwa kejeli, naye anapiga mto kwa ngumi akicheka, na Dien amesimama na koleo mkononi akinitazama kama mtu aliyeona kiti kinaimba.

Kuna jambo moja siwezi kulieleza. Aliniuliza siku moja yule mdoli wetu aliishia wapi, nami bila kufikiri nikasema tulimzika chini ya mti wa mapeasi, na utepe mwekundu shingoni. Bibi akapiga kelele, "Naam! Utepe mwekundu!" Sikuwa nimeambiwa na mtu. Nilitoka nikaenda kuosha uso wangu kwa theluji. Tangu hapo kuna nyakati sikujua aliyekaa kwenye kile kiti ni nani.

Lakini kadiri alivyodhoofika, kicheko kilipungua, na jina jingine likaanza kuja: Mette. Lilianza usingizini. Kisha akanishika mkono akaniuliza kama bado nimemkasirikia kwa ajili ya Mette, nami nikanyamaza, kwa kuwa sikujua Mette ni nani. Yeye akauona ule ukimya wangu kuwa ni hasira, akanieleza yote akilia, kana kwamba ninayajua.

Unakumbuka Mwaka Mpya ule nilipokuwa mdogo, walipomleta Dien sebuleni? Alikuwa ametimiza miaka mitatu, na kwetu mtoto wa mtumwa akifika umri huo hukabidhiwa mtoto wa nyumba aliye mwenzake. Nilimvalisha viatu vipya, wakubwa wakapiga makofi, na tangu siku hiyo watu husema "Dien wa Neeltje," ingawa kwa sheria alikuwa wa Bibi. Mimi nilidhani nimepewa rafiki. Dien anasema yeye alidhani amepewa viatu. Basi Mette alikuwa ni Dien wa Neeltje wa zamani. Naye Neeltje alipokuwa akifa alimshika Volkje mdogo wake, akamwapisha kwamba Mette hatatengwa na nyumba hii wala kuuzwa. Volkje akaapa. Haukupita mwaka, posa ikaja, ndugu yao akataka kumuuza Mette kwenye visiwa vya miwa, na bibi harusi hakutaka kugombana na mtu wiki ya harusi yake. Alisimama hapo gatini, akamtazama akipandishwa melini. Anasema Mette hakulia. Alivua viatu akavipanga vizuri ukingoni, akaingia miguu mitupu.

Kila siku tangu hapo Bibi aliniuliza: Neel, umenisamehe?

Kaka, sasa nimefika kwenye lile neno. Kalamu inataka kurudi kwa ng'ombe.

Nilikuwa nimemsikia Baba mdogo, alipokuja wakati wa Mwaka Mpya, akimwambia Baba kwamba Bibi akifa Dien atakwenda Savannah. Baba alisema, "Hm." Unaijua "hm" ya Baba, ndiyo niliyoirithi. Nilikwenda chumbani kwake kumwambia asikubali. Nilisimama mlangoni. Aliinua uso akauliza ninataka nini. Nikasema Mama anauliza kama atakunywa chai. Hakuwa ameuliza. Baba akasema ndiyo, nikamletea chai.

Hivyo Bibi aliponiuliza tena, Neel, umenisamehe, niliinama karibu na sikio lake na kumwambia: bado. Nikamwambia sitamsamehe mpaka amwachie Dien. Sikusema kama mjukuu anayemwomba bibi yake. Nilisema kwa kinywa cha dada yake, kwa ile kejeli aliyoizoea: kwamba tayari alishaniapia mara moja na niliona kiapo chake kilivyokuwa chepesi, na kwamba safari hii nataka mwanasheria na karatasi. Alilia. Alisema, "Nisamehe kwanza, Neel, nimechoka." Nikasema bado. Usiku ulipita, akaniuliza asubuhi yake wakati nampa maziwa, nikasema bado. Mzee wa miaka themanini, Wessel, anakufa, ananiomba kitu ambacho kingenigharimu pumzi moja, nami nikakificha nyuma ya mgongo kama mtu anayemchezea mbwa.

Alimwita mwanasheria mwenyewe, kwa amri, kwa sauti yake ya zamani. Akaja Bwana Thorne, yule wa Connecticut, ambaye Kiholanzi chake kinaishia kwenye kuomba siagi. Bibi alikataa kusema Kiingereza hata siku hiyo, basi mkalimani nikawa mimi. Nakuapia nilitafsiri kila neno kwa uaminifu. Alimuuliza majina ya wanawe na mipaka ya shamba, akajibu bila kukosa. Alimuuliza nchi hii sasa inatawaliwa na nani. Bibi akasema, na Waingereza wale wale, wamebadilisha makoti. Bwana Thorne alicheka mpaka wino ukamwagika, akasema wazimu wa aina hiyo angeutaka yeye mwenyewe. Bibi akatia saini. Kisha akanigeukia, akasema, "Haya, Neel. Sasa umeridhika? Sasa tuko sawa mimi na wewe?"

Bwana Thorne akaniuliza anasema nini. Nikasema anakushukuru kwa kuja kwenye theluji hii.

Yeye alipotoka, nilimwambia Bibi nimemsamehe. Alifumba macho. Uso wake ulilegea, ukawa kama ziwa upepo unapoondoka, na tangu hapo hakumtaja tena Mette. Alifariki juma lile lile, mkono wake mkononi mwangu. Neno lake la mwisho lilikuwa jina langu, na halikuwa langu.

Kulikuwa na mtu mwingine chumbani siku zote hizo. Dien alikuwa akichochea kuni. Anakijua Kiholanzi kama mimi, tena vizuri kuliko mimi. Baada ya mazishi nilimfuata jikoni. Nadhani nilitaka ashike mikono yangu. Alikuwa akikanda unga, hakuacha kukanda. Aliniuliza, "Unataka nikushukuru wewe au nimshukuru yule aliyeko makaburini?" Nikasema sijui. Akasema yeye pia hajui, ndiyo maana anauliza. Akasema tangu Mwaka Mpya alinisubiri nimwambie Baba neno moja, kwa mdomo huu huu ninaotilia mkate, na badala yake nikaenda kumwazima maiti wa kike mdomo wake. Kisha akasema jambo ambalo halijaniacha tangu siku ile. Akasema mwenye kusamehe alikuwa Mette. Hakuna aliyemuuliza.

Nililia kwenye kitambaa cha unga. Akaniacha nilie, kisha akanirushia kitambaa kingine akisema, "Huo unga ni wa watu, Neel, usiutie chumvi." Ana mpango wake. Shangazi yake ana kibanda Albany, mlimani wanakokaa watu huru, chenye tanuri, na Dien anasema Pentekoste ikifika atauza maandazi yake mwenyewe kwenye sherehe, na mimi nikija ataniuzia kwa bei ya watu wengine.

Sasa Teunis. Alikuja mara moja kumwombea Bibi, akamkuta ananieleza jinsi tulivyomfungia mwalimu wetu chooni. Mdomo wa Teunis ni kama mlango wetu. Hata ukifunga nusu ya chini, ya juu iko wazi. Siku ya mazishi, akivuta kiko cha pili, alimsimulia Baba mdogo kwamba marehemu alikuwa akizungumza na dada yake aliyekufa. Huo ndio mzizi wa kesi. Kesho hakimu ataniwekea ile Biblia yenye vishikizo vya shaba na kuniuliza kama bibi yangu alijua anazungumza na nani.

Sitaki umchukie Baba mdogo. Ijumaa alikuja kukaa nami kwenye benchi la barazani, akanifunika koti lake. Alisema hataki niseme lolote ila kweli. Kweli tu, Neeltje, kama ulivyolelewa. Akatazama barafu inavyopita. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama Bibi aliwahi kumtaja. Nilisema ndiyo. Alisema, "Kama mtu mzima, au kama mtoto?" Hapo nilivuta koti lake mabegani, kwa kuwa, ukiacha siku ile ya Bwana Thorne, Bibi akilini mwake alikuwa msichana asiye na watoto bado. Niliona macho yake yanajaa maji. Anaamini mama yake aliondokewa na akili kabla hajamuaga, na anataka mtu amwambie kwamba ndivyo ilivyokuwa, maana la sivyo alimsahau akiwa na akili zake. Na kweli ni hiyo anayoitaka, kaka. Anayo haki nayo. Naye akiipata, Dien atakwenda Savannah.

Nimejaribu njia zote za kukwepa. Nimejiambia kwamba labda Neeltje wa zamani kweli alikuja, kwamba yule aliyejua habari za utepe mwekundu hakuwa mimi, na kwa hiyo Bibi alijua vizuri anazungumza na nani. Ni wazo zuri sana wakati wa kulala. Lakini mchana nikiwa natandika kitanda nayajua maneno yangu. "Bado" ilikuwa yangu. Hakuna marehemu aliyeisema.

Kwa hiyo nakuambia wewe peke yako, nikiwa na akili zangu timamu. Bibi Volkje hakunijua. Wosia aliutia saini ili asamehewe na mtu ambaye hakuwepo. Na kesho nitaweka mkono juu ya Biblia na kusema kwamba alinijua, kwamba mimi ni mjukuu wake Neeltje binti Harmen na alinijua hivyo mpaka pumzi ya mwisho. Nitasema nikimtazama hakimu. Baba akisema "hm" nitasema tena kwa sauti zaidi. Itakuwa mara yangu ya kwanza kusema mbele ya watu kwa kinywa changu mwenyewe, na nitakachosema ni uongo. Najua kiapo ni nini. Nimeiuliza dhamiri yangu mara nyingi kama itanisamehe, nayo inanijibu kwa sauti ninayoifahamu: bado.

Usinitafutie udhuru katika majibu yako. Usiniambie nilikuwa mtoto. Na ukikutana na vitabu vya makanisa vingine, viache. Andika tu kwamba tulitokana na fundi mapipa, na kwamba palikuwa na msichana aliyeitwa Mette, aliyepandishwa meli kwenye gati letu miguu mitupu. Nami nitaliandika huku, nyuma ya Biblia, mahali tunapoandika waliozaliwa na waliokufa. Baba atauliza ni nani. Nitamwambia.

Mama anakusalimu sana na anasema utubu kwa kutoandika mara kwa mara. Baba anakusalimu. Dien anasema ukirudi uje umeshiba, hatapika tena hapa. Jirani zetu wote wazima, isipokuwa yule ng'ombe mwekundu wa akina Staats ambaye

Nimesikia mlango wa mbele, mapema mno. Ibada haiwezi kuwa imekwisha. Hatua zinapanda ngazi. Si za Mama, Mama huburuta kisigino. Ni buti za New York. Amewaacha kanisani akaja kuniona nikiwa peke yangu, na nadhani amekuja kuuliza tena lile swali la barazani. Karatasi hii naiingiza chini ya mashuka kwenye kabati la Bibi, na kesho, yote yakishasemwa, Dien ataifikisha kwenye mashua.

Kaa salama, kaka. Niombee kama unaweza, na kama huwezi nikumbuke tu.

Amesimama mlangoni. Ananiita. Safari hii anayeitwa ni mimi, naitika.

Mdogo wako,
Neeltje